Nasaba ya waliokombolewa: kumtafuta mzee wa ukoo katika nyaraka za Pwani

Mtu aliyekombolewa utumwani katika Pwani ya Afrika Mashariki karne ya 19 aliandikwa jina mara chache sana maishani mwake, na karibu kila mara aliandikwa kwa shughuli ya mtu mwingine. Karani wa mahakama alimwandika kwa sababu bwana wake alidai fidia. Padri alimwandika siku ya ubatizo. Ofisa wa manowari iliyokamata jahazi alimwandika, au alimhesabu tu pamoja na wenziwe, kwa sababu mabaharia walilipwa tuzo kwa kila kichwa. Kitukuu au kilembwe wake anayemtafuta leo kwa jina peke yake hurudi mikono mitupu. Anayefanikiwa ni yule anayeanza kwa kuuliza mzee huyo alipita mikononi mwa nani, kwa kuwa daftari lilikaa na mwenye mamlaka.

Ndiyo maana tarehe za sheria zina thamani kubwa katika kazi hii. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Uingereza uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko ya watumwa, likiwamo lile la Mkunazini. Utumwa wenyewe uliendelea. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria Unguja na Pemba tarehe 6 Aprili 1897, lakini masuria hawakuhesabiwa katika amri hiyo hadi 1909. Katika mwambao wa Kenya sheria ilipitishwa 1907. Upande wa Wajerumani, aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1905 alihesabiwa huru, na waliobaki walingoja hadi 1922, Waingereza walipofuta utumwa Tanganyika. Kila hatua kati ya hizo ilizaa karatasi zake, kwa lugha yake na katika ofisi yake.

Kabla ya karatasi kuna wazee. Swali la kwanza watu wengi huuliza ni "sisi kabila gani?", nalo ndilo lenye majibu dhaifu kuliko yote. Maswali yenye tija ni madogo: familia ilikuwa ikizika wapi, ilikaa kwenye shamba la nani, ilialikwa katika arusi na khitima za nyumba ipi, majina gani yamerudiwa tangu zamani, bibi alitumia maneno gani yasiyo ya Kiswahili alipobembeleza mtoto. Shamba la mikarafuu lililotajwa kwa jina la mwenyewe ni ufunguo mkubwa kuliko kabila, kwa sababu jina la mwenye shamba ndilo litakalokutwa mahakamani. Katika nyumba nyingi za Pwani neno utumwa halitamkwi hata leo. Ukimya huo uliwakinga watoto na dharau za mtaani, na anayeuliza anapaswa kuuheshimu. Akiulizia mashamba, makaburi na arusi, wazee wengi watasimulia mengi bila kulazimika kulitaja neno lenyewe.

Wazee husaidia pia kupanga miaka. Wengi wa waliokombolewa hawakujua tarehe zao za kuzaliwa, na umri ulioandikwa ni wa kukadiriwa na padri au karani aliyemtazama mtu usoni. Makadirio hayo hupimwa kwa matukio: kipindupindu cha 1869 na 1870, kimbunga kilichong'oa mikarafuu Unguja Aprili 1872, njaa ya 1884, kupigwa mizinga jumba la Sultani Agosti 27, 1896, vita vya Majimaji kuanzia 1905. Mtu aliyekumbukwa kuwa "alikuwa anatambaa mwaka wa kimbunga" amepata tarehe bora kuliko aliyeandikwa "miaka kama 20". Penye mwaka wa Kiislamu inabidi kuupeleka kwenye kalenda ya miladi kwa uangalifu: mwaka 1290 Hijria, kwa mfano, ulianza Machi 1873 na kuingia mwanzo wa 1874.

Majina ndiyo yanayopoteza watu wengi njiani. Mtoto aliyetekwa bara alikuwa na jina la kwao. Mfanyabiashara au bwana alimpa jingine alipofika Pwani, mara nyingi la baraka, la kito au la siku: Mabruki, Feruzi, Almasi, Farjala, Songoro, Juma, Hamisi, na kwa wanawake Zafarani au Tausi. Misheni ilimpa la tatu. Mtu mmoja basi anaweza kukutwa katika nyaraka tatu kwa majina matatu yasiyofanana hata herufi. Jina la baba nalo halitegemewi, maana ambaye baba yake hakujulikana mara nyingine aliandikwa "bin Abdallah" au "binti Abdallah", na wengine walifuatishwa jina la bwana. Kuwa na "bin" inayofanana na ya ukoo mkubwa wa mjini, peke yake, hakuthibitishi undugu wa damu.

Tahajia huongeza kazi. Mwingereza wa miaka ya 1870 aliandika Ferooz na Mabrook. Mfaransa aliandika Ounyamouezi na Oukami. Mjerumani alitumia "dsch" kwa sauti ya "j" na "sch" kwa "sh", hivyo Juma anaweza kujificha chini ya Dschuma. Padri Petro Kilekwa, mtoto wa kutoka karibu na Ziwa Bangweulu katika Zambia ya leo, aliyeokolewa na manowari ya Kiingereza katika Ghuba ya Uajemi na baadaye kusomeshwa Kiungani, Unguja, huandikwa pia Chilekwa. Badiliko hilo la "Chi" na "Ki" huwakumba wengi wa kutoka nchi za Nyasa. Mtafutaji makini huandika orodha ya namna zote ambazo jina lingeweza kuandikwa, kisha huzitafuta zote.

Halafu kuna makabila ya daftarini. Myao, Mnyasa, Mmanyema, Mgindo na Mzigua ndiyo majina yanayojaa kurasa. Mengine ni ya kweli. Mengine yanaeleza tu njia ambayo mtu alipitishwa: aliyeuzwa na wafanyabiashara wa Kiyao aliweza kuandikwa Myao, na "Mnyasa" liligeuka kuwa jina la yeyote aliyetoka upande wa ziwa hilo, awe Mchewa, Mnyanja au mwingine. Katika karne ya 20 majina hayo yaliyeyuka tena. Sensa za Zanzibar za 1924, 1931 na 1948 zinaonyesha watu wakihama kutoka jina moja la asili hadi jingine, kwa kuwa ardhi, mgao wa chakula na heshima vilifungwa na jina hilo. Kabila lililoandikwa ni dokezo la kufuatiliwa, na halipaswi kutangazwa kwenye mkutano wa ukoo kabla halijaungwa mkono na ushahidi mwingine.

Kwa Unguja na Pemba, mlango mkuu ni hifadhi ya nyaraka iliyoko Kilimani, mjini Zanzibar. Amri ya 1897 haikumwachilia mtumwa moja kwa moja. Alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba, na bwana alilipwa fidia kwa kila aliyethibitishwa kuwa wake kihalali. Utaratibu huo ulikuwa mzito na uliwapendelea mabwana, kiasi kwamba wengi walibaki mashambani kwa makubaliano yao na wenye mashamba na hawakugusa mahakama kamwe. Lakini waliokwenda waliacha maandishi ambayo hayapatikani kwingine: jina la mwombaji, asili yake, umri wa kukadiria, na jina la bwana. Hapo ndipo lile jina la mwenye shamba lililosimuliwa na wazee linapofanya kazi, kwa kuwa chini ya bwana mmoja huweza kukutwa watu kadhaa waliokombolewa siku zinazokaribiana, na miongoni mwao mume, mke au ndugu wa mzee anayetafutwa.

Hifadhi hiyo ina pia barua za ubalozi wa Kiingereza na hati za Kiarabu. Sehemu ya pili ya habari hizo ilipelekwa London na iko katika hifadhi ya taifa ya Uingereza eneo la Kew, ambako mfululizo wa FO 84 umekusanya mawasiliano ya idara iliyoshughulikia biashara ya watumwa. Ndani yake mna taarifa za majahazi yaliyokamatwa, nyingi zikihusu miaka ambayo manowari iitwayo London ilitia nanga bandari ya Zanzibar hadi 1883 ikiwa kituo cha doria. Taarifa za majahazi huvunja moyo mwanzoni, maana mara nyingi hutoa idadi ya wanaume, wanawake na watoto bila majina. Faida yake ni kuonyesha walikopelekwa: wengine Shelisheli, wengine Aden au Bombay, wengine Unguja kwenyewe, na baada ya 1874 wengi Mombasa. Jina lao huanza kuonekana pale waliposhuka.

Walioshuka kwenye misheni ndio wenye bahati kubwa kuliko wote kwa upande wa kumbukumbu. Misheni ya Waanglikana ya Vyuo Vikuu, maarufu kama UMCA, ilifika Zanzibar 1864. Vijana wake wa mwanzo kabisa walikuwa watoto waliotolewa majahazini, akiwamo John Swedi, aliyepewa daraja ya ushemasi mdogo 1870 pamoja na George Farajallah. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utotoni, akawa padri 1890. Watu wazima waliwekwa Mbweni, kusini ya mji. Wengi wa wazao wao hawajui kwamba kundi moja halikubaki kisiwani: mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwachukua baadhi ya watu wa Mbweni akikusudia kuwarudisha nchi za Nyasa, wakaishia Masasi na kujenga huko. Mwaka 1882 kijiji hicho kilivamiwa na Wangoni, watu wakatawanyika na wengine wakatekwa upya. Mtu anayetoweka katika madaftari ya Mbweni karibu na 1876 anastahili kutafutwa Masasi kabla ya kudhaniwa amefariki. Barua na ripoti za misheni hiyo zimehifadhiwa Oxford, katika maktaba ya Bodleian.

Bagamoyo iliangukia kwa Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika hapo 1868 wakitokea Unguja. Waliwanunua watoto sokoni, wakawalea, wakawaozesha wao kwa wao na kuwapa viwanja katika kijiji cha waliokombolewa. Madaftari ya ubatizo ya mapadri Wakatoliki wa wakati ule yaliandikwa Kilatini, jambo linalotisha kuliko linavyostahili: maneno yanayorudiwa ni machache, na mtu aliyejifunza yanayomaanisha "amebatizwa", "mzaliwa wa" na "msimamizi" anaweza kusoma kurasa nyingi bila mkalimani. Majina ya wasimamizi wa ubatizo na mashahidi wa ndoa yaandikwe yote. Watu wasio na ndugu walifanya udugu na wale waliokombolewa nao, na majina hayo hujirudia kwa miaka mingi. Wanandoa wa Bagamoyo walitumwa kuanzisha vijiji vipya bara, vikiwamo Mhonda, Mandera na Morogoro, kwa hiyo daftari linalofuata huwa liko parokia nyingine kabisa. Barua za mapadri wenyewe zipo Chevilly-Larue, karibu na Paris.

Mombasa ndiyo yenye simulizi kamili zaidi. Shirika la kimisheni la Waanglikana, CMS, lilianzisha Freretown, Kisauni, kati ya 1874 na 1875, na kukipa kijiji jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja kudai mkataba wa 1873. Waliopokewa hapo walitoka majahazini, lakini waliowapokea na kuwafundisha walikuwa wenzao waliotangulia: Waafrika waliookolewa utotoni, wakapelekwa India, wakasomeshwa Sharanpur karibu na Nasik, kisha wakarudishwa Pwani. Hao walibeba majina ya Kiingereza. William Jones wa Rabai alikuwa mmoja wao. Jacob Wainwright, aliyeusindikiza mwili wa mmisionari Livingstone hadi ukazikwa Westminster Abbey Aprili 18, 1874, alikuwa mwingine. Mtafutaji anayekutana na Jones, David au Wainwright katika ukurasa wa Mombasa asimruke akidhani ni Mzungu.

Rabai, misheni nyingine ya CMS karibu na Mombasa, ilikuwa na watu wa aina nyingine, nao ni watoro. Hawa walikimbia mashamba ya Pwani na kujificha misheni, na mabwana wakadai warudishwe. Tarehe 1 Januari 1889 George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya IBEA aliwalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Tukio moja lenye tarehe, mahali na watu wengi namna hiyo ni nadra katika historia ya ukombozi wa Pwani. Kumbukumbu za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, na nyaraka za serikali ya kikoloni zinazohusu Pwani ziko katika hifadhi ya taifa ya Kenya, Nairobi. Mfano wa nini kinaweza kutoka katika kazi ya namna hii ulitolewa mapema na James Mbotela, aliyechapisha *Uhuru wa Watumwa* mwaka 1934, akieleza jinsi wazee wake walivyotekwa, wakaokolewa baharini na kufikishwa Freretown. Aliandika kwa Kiswahili, wakati waliosimuliwa walikuwa bado wanakumbukwa kwa sura. Kizazi kilichofuata kingekuta jina tu.

Tanganyika ya Wajerumani inafuata kanuni nyingine. Serikali hiyo haikufuta utumwa, ila ilitoa vyeti vya uhuru, vilivyoitwa Freibrief, kwenye maboma ya wilaya. Kati ya 1891 na Vita Kuu ya Kwanza vilitolewa makumi ya maelfu. Mtu alijikomboa kwa fedha yake, au alikombolewa na mwingine, au aliachwa na bwana kwa hiari, au serikali ilimtoa. Nyaraka za maboma zilizonusurika vita ziko Dar es Salaam katika hifadhi ya taifa, na zile za wizara ya makoloni ziko Berlin, Bundesarchiv. Mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa enzi hizo huwashinda hata Wajerumani wa leo, kwa hiyo ni busara kupiga picha ukurasa, palipo na ruhusa, na kumtafuta anayeweza kuusoma badala ya kubahatisha.

Ambaye hakupita misheni wala boma anaweza kukutwa kwenye ardhi. Sheria ya hatimiliki ya 1908 katika mwambao wa Kenya iliwataka wenye mashamba na viwanja wathibitishe madai yao, na ushahidi uliotolewa ulijaa nani alizaliwa na nani, nani aliachwa huru na nani, na shamba lilirithiwaje. Hati za wakfu nazo zina utajiri usiojulikana vya kutosha. Waungwana kadhaa wa Unguja na Mombasa waliweka wakfu nyumba au minazi kwa manufaa ya watu waliowaacha huru na vizazi vyao, wakiwataja. Kesi za mirathi kwa makadhi zina sababu yake pia: kisheria, aliyemwacha mtu huru alikuwa na haki fulani katika mirathi ya mtu huyo akifa bila warithi wa damu, kwa hiyo uhusiano wao ulisemwa wazi mbele ya kadhi hata pale majirani walipokuwa wameusahau.

Shajara za masharifu na za koo za Kiarabu zinahitaji usomaji wa aina yake. Zimetunzwa kwa uangalifu mkubwa, lakini hufuata mababa. Mtoto wa bwana na suria alizaliwa huru na akaingia katika ukoo wa baba, na jina la mama likabaki nje ya mti. Hata masultani kadhaa wa Zanzibar walikuwa wana wa masuria. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Kitabu cha 1886 cha Sayyida Salme, ndugu yake Barghash, ni cha thamani kwa sababu kiliwapa mama hao sura na nchi zao. Kwa koo za kawaida, bibi wa namna hiyo hupatikana kwa nadra, mara nyingi katika wasia au katika mgao wa vyombo na vito. Kumtafuta ni deni la heshima kwake, na wanaoandika nasaba leo wana kila sababu ya kuwarudisha akina mama katika mti wa ukoo.

Ghuba ina madaftari yake. Ofisi za Uingereza za Maskati, Bahrain, Sharjah na Bushehr zilipokea watu walioomba uhuru katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Kila mmoja alieleza alipozaliwa, wazazi wake na jinsi alivyofika huko, na baadhi yao walisema walitoka Zanzibar au mwambao wa Waswahili. Maelezo hayo yamo katika nyaraka za India Office zilizoko British Library, na sehemu kubwa inasomeka bure katika maktaba ya kidijitali ya Qatar. Ni kauli zilizofupishwa na karani, lakini ni kati ya maandishi machache ambamo aliyekuwa mtumwa ndiye msemaji. Kwa koo zilizogawanyika kati ya Pwani na Oman, hapo panafaa kuanziwa mapema.

Kipimo cha vinasaba kina kazi yake, na kazi hiyo ina mipaka. Uchunguzi uliochapishwa 2023 katika jarida la *Nature*, uliohusu watu 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya Pwani kati ya 1250 na 1800, Mtwapa na Kilwa ikiwamo, ulionyesha mchanganyiko wa mama wengi wa Kiafrika na baba wengi wenye asili ya Uajemi. Huo ni ushahidi wa jamii nzima. Kwa mtu mmoja mmoja kipimo kinaweza kufichua binamu wa mbali au eneo pana la asili, ila hakimpi mzee jina, wala hakisemi alishuka bandari gani.

Kila kiungo kati ya vizazi kinahitaji angalau vyanzo viwili visivyonakiliana: simulizi na daftari, au daftari na hati ya ardhi. Vinapopingana, vyote viandikwe. Kilicho hatarini zaidi sasa ni madaftari yaliyobaki parokiani, misikitini na makabatini mwa watu, yanayoliwa na mchwa na unyevu wa bahari. Wanaoyatunza wanaombwa wapige picha kila ukurasa wakati unasomeka bado. Na ukoo utakaompata mzee wake uandike, pamoja na jina, namba ya daftari na ya ukurasa, kisha uache nakala moja hifadhini au parokiani, ili ndugu waliotawanyika Masasi, Kisauni, Morogoro na Maskati waweze kuanzia hapo.